Mchoro wa Mradi ni wa Nani? Mjadala kutoka Tabora

Ubunifu wa michoro kwa miradi ya maendeleo endelevu ni kazi ya kuyapa maelezo ya mradi umbo la kuonekana kwa macho: bango la kisima, lebo ya asali, kipeperushi cha viuatilifu vya tumbaku, ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji, chati ya darasa la wakulima, na taarifa ya mwaka inayopelekwa kwa mfadhili. Mkoani Tabora kazi hiyo hufanywa kwa njia mbili. Ama mradi huipeleka kwa kampuni ya matangazo ya Dar es Salaam au Nairobi, ama humtafuta mbunifu wa kujitegemea, yaani mtu mwenye kompyuta yake, asiye na mshahara wa mwezi, anayelipwa kwa kazi moja moja. Mabishano juu ya njia ipi inafaa huanzia kwenye gharama. Yakifuatwa hadi kwenye mizizi, hufika kwenye swali zito zaidi: mchoro huo umekusudiwa kutazamwa na nani?

Watu wanaokutana juu ya swali hili hawabadiliki sana kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Yupo mratibu, mwenye tarehe za kukabidhi taarifa. Yupo mbunifu wa kujitegemea, aishiye mjini Tabora. Yupo afisa misitu mstaafu, aliyeona miradi ikija na kuondoka. Yupo mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, na yupo mhasibu. Hapa wanatajwa kwa kazi zao, kwa kuwa hoja wanazozitoa si mali ya mtu mmoja. Ni misimamo inayosikika kila mradi unapoanza.

Mkoa wenyewe ni mpana, wenye takriban kilomita za mraba 76,000, na sehemu yake kubwa ni misitu ya miyombo. Misitu hiyo ndiyo inayotoa asali ya Sikonge na Kaliua, na ndiyo inayotoa kuni za kukaushia tumbaku ya mvuke, kwa hiyo karibu kila mradi wa mazingira unaoingia Tabora hugusa ama nyuki, ama tumbaku, ama mifugo. Mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Mbola, wilayani Uyui, kulikuwa na mojawapo ya Vijiji vya Milenia, mradi ulioanza mwaka 2006 na kufikia ukomo mwaka 2015. Miradi si jambo geni huku, na michoro yake pia si ngeni.

Ugumu wa kupeleka kitu kutoka pwani na kutarajia kipokelewe vilevile bara ni wa zamani kuliko miradi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na Ujiji ilibeba shanga na nguo kama fedha ya njiani, na kiongozi wa msafara aliyekosea rangi alilala njaa. Henry Morton Stanley, alipokuwa akinunua bidhaa Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1871, aliambiwa na wafanyabiashara wazoefu kwamba shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwingineko. Kwamba shanga kubwa zenye umbo la yai zilithaminiwa Ujiji na kukataliwa sehemu nyingine. Kwamba nyeupe zilikubaliwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Rangi moja, njia moja, na hukumu tofauti kila baada ya mwendo wa siku chache. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifahamu elimu hiyo kwa undani, kwa sababu maisha yao yaliitegemea. Mtu anayechora kwa ajili ya watu wa njia hiyo leo anahitaji elimu ya namna hiyohiyo, na haipatikani kwa kukaa pwani.

Mratibu ndiye anayefungua hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Anasema mradi una miaka mitatu, bajeti ya mawasiliano ni sehemu ndogo ya fedha zote, na mfadhili ameleta mwongozo wa rangi, herufi na nembo ambao hauna mjadala. Kampuni kubwa imeshausoma mwongozo huo. Mbunifu wa mtaani ataanza kuusoma leo. Zaidi ya hapo, dunia tayari imekubaliana juu ya alama za pamoja. Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yalipopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015, yalikuja na alama zake za rangi, zilizobuniwa na Msweden Jakob Trollbäck kwa kushirikiana na shirika la Project Everyone. Alama hizo ziko kwenye kuta za shule, kwenye fulana na kwenye taarifa za serikali. "Kwa nini," anauliza mratibu, "kila wilaya ichorewe jua lake na tone lake la maji, wakati jua na tone vimeshachorwa?"

Mbunifu anakubali sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili. Taarifa ya mfadhili, anasema, inasomwa na watu waliozoea alama hizo. Huko zinafanya kazi yake vizuri. Lakini zikipelekwa kwenye mkutano wa kijiji, kila alama inadai ujuzi wa awali. Alama ya Lengo la 7, la nishati, ni jua lenye kitufe cha kuwashia mashine katikati yake. Haisomeki kwa mtu ambaye hajawahi kubonyeza kitufe cha namna hiyo. Alama ya Lengo la 12, la matumizi na uzalishaji wenye kuwajibika, ni mshale uliojipinda kama alama ya kihesabu ya kitu kisicho na mwisho. Lengo la 13, la tabianchi, ni jicho ambalo mboni yake ni dunia. Ni michoro mizuri, na aliyesoma sekondari ataifumbua. Mkulima wa Ulyankulu ambaye ameacha shule darasa la nne ataona jicho, na jicho peke yake linaweza kumaanisha mengi.

Kisha mbunifu anataja mambo ambayo waelimishaji wa afya na kilimo wameyajua kwa muda mrefu na ambayo bado hurudiwa. Mdudu akichorwa kwa ukubwa ili miguu yake ionekane, watazamaji wengine hudhani ni mnyama mwingine asiyepatikana kwao. Mbung'o anayeeneza malale anapaswa kuonyeshwa kwa ukubwa wake wa kweli, kwenye mkono wa mtu, kabla ya kuonyeshwa amekuzwa. Mkono uliokatwa kwenye kifundo, unaoshika chupa ya dawa, humsumbua mtazamaji kabla hajaitazama chupa. Msalaba mwekundu juu ya picha haueleweki kila mara kuwa ni katazo. Picha nne zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia hazifuatwi kwa mpangilio huo na mtu asiye na mazoea ya kusoma. Na kuna hatari iliyofichika kwenye vifungashio vya viuatilifu: mistari ya rangi inayoonyesha daraja la sumu hutoka nyekundu, njano na bluu hadi kijani. Mkulima wa tumbaku anayeona kijani anaweza kuamini kuwa dawa hiyo haina madhara yoyote, akaipiga bila glavu na mtoto wake akiwa jirani. Kipeperushi kinachozirudia rangi hizo bila kuzieleza kinaongeza kosa badala ya kulipunguza.

Dawa ya matatizo haya si kipaji kikubwa. Ni kupima. Mbunifu huchora rasimu kwa penseli, bila rangi, na kuipeleka kwa watu wachache ambao hawakuhudhuria semina ya mradi. Huficha maneno kwa karatasi. Haulizi "mmeelewa?", kwa sababu jibu litakuwa ndiyo, mgeni aliyetoka mjini kwa pikipiki hajibiwi hapana. Huuliza: huyu ni nani? Anafanya nini? Kabla ya hapo alikuwa wapi? Baada ya hapo atafanya nini? Majibu huandikwa kama yalivyotamkwa, mchoro hurekebishwa, na rasimu hurudishwa kwa watu wengine. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu kwa kipeperushi kimoja. Hiyo ndiyo sehemu ya ubunifu inayohitaji mtu wa karibu, na ndiyo sehemu inayofutwa kwanza bajeti inapobana.

Hapo afisa misitu mstaafu anaingia, na anapinga pande zote mbili. Anakumbusha jambo la jirani, Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986 katika eneo lililokuwa limekatwa miti hadi kuitwa jangwa. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi, zilikuwa zimebaki takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. "Nguvu ile," anasema mzee, "haikutoka kwenye kipeperushi. Ngitili ilikuwa desturi ya Wasukuma kabla ya mradi. Watu walikaa kwenye dagashida, baraza lao la kimila, wakakubaliana, wakawekeana faini. Mnachobishania nyinyi ni karatasi."

Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala huu, na wabunifu wengi huikwepa. Ni kweli kwamba mchoro haujawahi kupanda mti. Ni kweli pia kwamba mapatano ya mdomo, yanapokuwa kati ya watu wanaofahamiana, hushinda tangazo lolote. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia Watanzania takriban milioni mbili, ilitumia redio na vijitabu, lakini kiini chake kilikuwa vikundi vya watu waliokaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Karatasi ilisindikiza mazungumzo.

Hata hivyo hoja ya mzee ina mpaka. Inafaa pale ambapo wahusika wote wako kwenye mkutano mmoja. Magharibi ya Tanzania leo wahusika hawako mkutano mmoja. Mfugaji anayehamisha ng'ombe kutoka Shinyanga au Simiyu kwenda Kaliua, na kutoka huko kwenda Katavi, hakuwepo siku kijiji kilipotenga msitu wake. Mnunuzi wa asali hajawahi kukanyaga Sikonge. Hakimu wa mgogoro wa mpaka anahitaji kitu cha kushika mkononi. Kwa watu hawa mchoro hausindikizi mazungumzo. Unashika nafasi ya mazungumzo ambayo hawakuyasikia.

Mfano ulio wazi zaidi ni ramani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kina mamlaka ya kupanga ardhi yake: makazi hapa, mashamba pale, malisho kule, msitu wa hifadhi ng'ambo ya mto. Mpango huo huishia kwenye ramani. Mkoani Kigoma, mwisho wa njia ya misafara, mpango wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994, ulikuja kutumia picha kubwa za setilaiti zinazoonyesha nyumba, vijia na miti, na wanakijiji wakazisoma wao wenyewe, wakionyesha vyanzo vya maji na sehemu za matambiko ambazo mpimaji asingezijua. Somo lililopatikana huko linamhusu moja kwa moja mbunifu wa Tabora. Picha inayoonyesha mambo halisi ilisomwa na wengi haraka. Ramani iliyosafishwa, yenye rangi tano bapa na ufunguo pembeni, huhitaji mwalimu. Kwa hiyo anayechora ramani ya kijiji kwa ajili ya ubao wa ofisi ya mtendaji analazimika kurudisha alama za ardhi ambazo mpimaji alizifuta: jabali, mbuga, mto mkavu, mwembe mkubwa, josho. Mfugaji mgeni hupita kwa alama hizo, si kwa vipimo vya nyuzi.

Mwenyekiti wa wafuga nyuki amekuwa akisikiliza kimya. Anapozungumza, anageuza mjadala upande ambao mbunifu hakuutarajia. Mbunifu amemchorea lebo yenye mzinga wa gogo ukining'inia kwenye mti wa miyombo, mwanamume akipanda kwa kamba, moshi kidogo. Mchoro wenye ukweli, uliotoka kwenye msitu wa Tabora na si kwenye maktaba ya picha za Ulaya zenye masanduku meupe katika bustani ya maua ya njano. Mwenyekiti anaukataa.

"Mwanangu," anasema, "mzinga huu ni wetu na mchoro umetulia. Lakini mnunuzi wa Dar akiuona, atafikiri asali ina majivu. Sisi tunauza asali yetu barabarani kwenye chupa za maji zilizotumika, na watu wanatuambia si safi. Tunataka ikae dukani kama asali nyingine. Huo mzinga tuchoree kwenye karatasi ya kufundishia vijana wetu, waache kubandua magome ya miti hai kutengeneza mizinga."

Mbunifu alikuwa amemtetea mwanakijiji kwa mchoro ambao mwanakijiji hakuuomba. Kosa hili ni la kawaida kwa wabunifu wenye nia njema, nao mjadala hauwasamehe kwa sababu ya nia hiyo. Lebo ina msomaji wake, naye ni mnunuzi. Kipeperushi kina msomaji wake, naye ni kijana anayejifunza. Mtu yuleyule wa kijijini ana haki ya kutaka uhalisia kwenye kimoja na unadhifu kwenye kingine. Kinachofanyika baada ya hapo ni kazi ya ufundi ya kawaida. Lebo inakuwa ndogo ili rangi ya asali, kahawia iliyokolea kama ilivyo asali ya miyombo, ionekane kupitia kwenye chupa. Jina la Tabora linaandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndilo jina ambalo mnunuzi analiamini. Uzito, tarehe ya kufungasha, namba ya toleo na anwani ya kikundi vinapangwa pale ambapo mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) atavitafuta, maana tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Inaachwa nafasi nyeupe ya kutosha kuzunguka barkodi, ile ya Tanzania inayoanza na 620, kwa sababu barkodi iliyobanwa na mapambo haisomeki kwenye mashine ya duka.

Zinabaki nembo. Mratibu anataka nembo ya mfadhili, ya shirika tekelezi, ya halmashauri, ya wizara na ya mradi wenyewe. Kwenye chupa ya nusu kilo lebo haizidi kiganja cha mkono, na nembo tano zinakula theluthi yake. Mwenyekiti anamgeukia. "Mama, sisi tunawashukuru. Lakini mwaka kesho kutwa nyinyi hamtakuwepo, na chupa hii itakuwa bado inauzwa. Mteja ataona majina matano ya watu wasiofuga nyuki, na jina letu chini kwa herufi za chungu." Mratibu anajibu kwamba mkataba wa fedha unadai kuonekana kwa mfadhili. Anasema kweli. Lakini mikataba mingi ya namna hiyo huruhusu mazungumzo juu ya vitu vidogo au bidhaa za kuuzwa, na mratibu anayeandika barua mapema, kabla lebo haijachapwa, ana nafasi ya kukubaliwa nembo zikae kwenye boksi la kubebea chupa. Barua hiyo haiandikwi mara nyingi kwa sababu hakuna aliyeiomba. Mbunifu wa mbali haombi. Yeye hupokea orodha ya nembo na kuzipanga.

Mhasibu huleta mjadala kwenye fedha, na hapa wabunifu wengi wa Tabora hushindwa kabla hawajaonyesha kazi. Mradi hauwezi kumlipa mtu asiye na namba ya mlipakodi. Malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mkazi wa Tanzania na asilimia 15 kwa asiye mkazi, na mbunifu asiyelijua hilo huona ameibiwa. Halmashauri zinanunua kupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Asiyejisajili humo hazioni zabuni. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake, lakini nafasi hiyo ni ya vikundi vilivyosajiliwa, na mbunifu anayefanya kazi peke yake chumbani hana kikundi. "Simkatai," anasema mhasibu. "Mkaguzi akija, ataniuliza risiti, hatauliza uzuri wa mchoro."

Mbunifu naye ana madai yake, na ni ya haki. Anaambiwa alete sampuli tatu za bure ili achaguliwe, na wakati mwingine sampuli hizo huonekana baadaye zimetumika. Hadidu za rejea husema "kipeperushi kimoja", bila kusema marekebisho ni mangapi. Mchoro hurudishwa mara saba, kila mara na mkubwa mwingine mwenye maoni mapya. Malipo husubiri hadi taarifa ya mradi ikubaliwe. Kampuni ya Dar es Salaam ina mtaji wa kusubiri. Yeye ana kodi ya chumba. Na juu ya yote, hakuna kifungu cha nauli. Mradi ambao umelipa posho ya semina ya siku tatu kwa watu arobaini hauna shilingi ya kumpeleka mbunifu Sikonge na kurudi.

Kutokana na mabishano ya namna hii umejitokeza utaratibu ambao pande zote zinaweza kuuvumilia, nao unastahili kuandikwa kwa uwazi. Bei hugawanywa hatua tatu: sehemu moja mkataba unaposainiwa, nyingine baada ya rasimu iliyopimwa, ya mwisho wakati wa kukabidhi. Marekebisho mawili yamo kwenye bei, ya tatu hulipiwa. Maoni yote hupitia kwa mtu mmoja. Kupima ni kazi yenye kifungu chake cha bajeti, pamoja na nauli, na anayekifuta anaandika sababu. Pale mwongozo wa mfadhili unapodai ustadi wa kampuni kubwa, taarifa ya mwaka ipelekwe huko bila kinyongo. Lakini kila kitakachosomwa na wanakijiji kichorwe na mtu anayeweza kufika kijijini.

Suala la vifaa vya kuchapia hugusa neno endelevu lenyewe, na hupitiwa haraka mno mezani. Bango la kawaida la uzinduzi ni la fleksi, plastiki ya PVC, lenye tarehe iliyochapwa katikati. Hutumika saa nne. Baada ya hapo huwa turubai la kufunikia mahindi, na hiyo ni hatima yake nzuri. Nyingine ni kuchomwa, na plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na wananchi wakarudi kwenye vikapu. Mradi wa mazingira unaozindua msitu kwa mita kumi za PVC unawapa wananchi hao fundisho la kinyume. Bango lisiloandikwa tarehe hutumika tena. Kitambaa cha pamba kilichoandikwa kwa rangi hufuliwa na kutumika tena. Na ipo njia bora zaidi, iliyo karibu na iliyosahaulika: ukuta.

Tabora, kama miji yote ya reli ya kati, ina mafundi wa kuandika kuta na mabango kwa brashi. Wameandika shule, saluni, mabucha na magereji. Wanajua rangi gani inahimili jua la Septemba na mvua ya Januari. Wino mwekundu na wa njano wa mashine ya fleksi hupauka mapema, na picha yote hubaki ya samawati. Rangi nzuri ya mafuta kwenye ukuta uliopigwa lipu vizuri hudumu miaka, na ikipauka hupakwa upya na fundi yuleyule. Chati ya kunawa mikono kwenye ukuta wa zahanati husomwa na kila mama aliyekaa kwenye foleni. Mbunifu wa kujitegemea anayejua kompyuta na fundi wa ukuta anayejua brashi hawakutani mara nyingi, na kila mmoja hupoteza kitu kwa kutokutana. Mchoro uliopimwa kijijini, ukatolewa vipimo vya gridi na kukabidhiwa fundi wa mahali hapo, ungeweza kufika kwenye kuta ishirini kwa fedha za bango moja na posho za uzinduzi wake.

Elimu ya uchapaji pia imekuwepo mkoani. Kiwanda cha uchapaji cha Wakatoliki cha Kipalapala, nje kidogo ya mji, kilichapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima vikiwa na jina la TMP, Tabora. Mji uliotoa vitabu kwa taifa hauna sababu ya kuagiza kipeperushi chake kutoka mbali kwa madai kwamba huku hakuna ujuzi.

Hoja ya mwisho ni ya umiliki, nayo huibuka mradi unapofungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inamtambua mtunzi kuwa mwenye haki ya kwanza juu ya kazi yake. Kwa mtu aliyeajiriwa, kazi ya ajira huwa ya mwajiri. Kwa mbunifu wa kujitegemea, mkataba ndio unaotakiwa kusema nani anapata nini. Mikataba mingi ya miradi husema haki zote ni za shirika. Shirika likifunga ofisi, faili la lebo linaondoka na kompyuta ya mratibu. Kikundi cha wafuga nyuki kikiishiwa lebo, kinampelekea mtu wa duka la steshenari chupa ya zamani, aipige picha na kuichapa upya, na herufi zinatoka zimevimba. Namba ya toleo na tarehe vinabaki vile vya mwaka uliopita, na shehena inazuiwa.

Mratibu anasema faili ni mali ya mfadhili. Mbunifu anasema faili la kuchora ni siri ya kazi yake, na akilitoa atapoteza wateja wa marudio. Mwenyekiti anasema lebo ni ya asali, na asali ni ya kikundi. Kati ya madai hayo matatu, la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa kikundi ndicho pekee kitakachohitaji faili hilo miaka mitano baadaye. Mkataba unaolizingatia huandika mambo machache: kwamba kikundi kinapata haki ya kudumu ya kutumia na kubadilisha lebo na vielelezo vyake, kwamba mbunifu anabaki na haki ya kutajwa na ya kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, kwamba faili linakabidhiwa kwa namna mbili, moja ya kuchapa moja kwa moja na nyingine inayofunguka kwa programu zilizopo kwenye maduka ya Tabora mjini, pamoja na herufi zilizotumika, kwamba nafasi za tarehe na namba ya toleo ziko wazi, zijazwe kwa mhuri, na kwamba nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi, yenye vipimo na majina ya rangi, inawekwa kwenye faili la kikundi, kwa sababu kompyuta huharibika na simu hupotea. Mbunifu anayehofia kupoteza wateja huweka bei ya makabidhiano hayo mwanzoni, na mhasibu huipitisha kwa sababu iko kwenye mkataba.

Kipengele kimoja bado hakijapatiwa mwafaka, nacho ni vielelezo vya kufundishia. Mchoro wa mzinga wa gogo, uliopimwa Sikonge na kukubaliwa, ungefaa Mlele, Uvinza na Manyoni. Mbunifu anataka kulipwa kila unapohamia wilaya mpya. Mratibu anataka uwe huru kwa wote. Afisa misitu mstaafu anaonya kwamba ukihamishwa bila kupimwa upya, utasomwa vingine. Wote watatu wako tayari kukubaliana kwenye jambo moja, kwamba kila wilaya mpya ilipie angalau siku za kupima, na kwamba malipo hayo yaende kwa mbunifu aliye karibu na wilaya hiyo, hata kama si yule aliyechora mwanzo.